Chakula cha Mimea katika Bonde la Kilombero

Walimu wa vijijini huulizwa mara nyingi kwa nini shamba lililozaa vema miaka ya kwanza hupunguza mazao baadaye. Wakulima husema, "Ardhi imechoka." Neno hili ni la kweli, lakini yafaa kulieleza, kwani asiyejua udongo umepungukiwa na nini hataweza kuulisha.

Mizizi hunywa vyakula vilivyoyeyuka katika maji ya udongo. Vitatu ndivyo vihitajiwavyo zaidi: naitrojeni, ikuzayo majani, fosforasi, isaidiayo mizizi na mbegu, na potasi, itiayo mashina nguvu. Kila gunia la mpunga litokalo shambani huchukua sehemu ya vyakula hivi.

Katika mashamba ya bondeni, huko Idete na Ifakara, mto hurudisha kiasi, maana Kilombero ifurikapo wakati wa masika huacha tope lenye rutuba. Shamba lililo juu ya mafuriko halipati kitu. Zamani liliachwa miaka kadhaa likawa pori, likapata nguvu tena. Leo watu ni wengi, na nafasi ya kuhamia ni haba.

Basi twaona kwamba desturi ya kuchoma mabua yataka kufikiriwa. Majivu hubakiza potasi, lakini naitrojeni karibu yote huondoka na moshi. Mabua yakiozeshwa shambani, vyakula hivyo hurudi udongoni.

Samadi nayo, ambayo jina lake limetoka katika Kiarabu, huleta vyakula vyote vitatu polepole, tena huufanya udongo ushike maji. Urea si hivyo. Katika kilo 100 zake mna kilo 46 za naitrojeni, wala hamna fosforasi wala potasi. Atiaye urea peke yake kila mwaka huongeza mavuno kwa muda, huku akimaliza vile vingine. Tena ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka hewa ikapotea, na fedha ya mkulima pamoja nayo.

Yafaa watoto wafundishwe kuyatazama majani. Yale ya chini yakianza kuwa manjano, mara nyingi naitrojeni imepungua. Kingo zake zikikauka, huenda ni potasi. Mpunga ukidumaa na majani kuwa ya kijani kilichokoza, huenda ni fosforasi. Ajuaye dalili hizi atanunua kile shamba lake linachokosa, wala hataifuata mbolea ya jirani kwa kuiga tu.