Ukitolewa kundini, uanzie wapi?

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani kwetu alikosa maziko ya rafiki yake wa tangu chuoni, na sababu ni mimi. Tanzia ilitumwa saa tano asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp: marehemu atasaliwa baada ya alasiri, maziko Kikowani. Mzee alikuwa Msambweni kwa binti yake. Lau angeisoma saa ile, angepanda matatu, akavuka Likoni, na mwenziwe angemuwahi. Hakuisoma. Siku tisa kabla ya hapo nilikuwa nimemtoa kundini, mimi niliye msimamizi, au admini kama tulivyozoea kuita. Habari ilimfika baada ya magharibi, kwa simu ya mtu aliyempigia kumpa pole.

Tangu hapo watu wengi wameniuliza swali hilo hilo. Mtu akitolewa, au maneno yake yakafutwa, na anaona ameonewa, afanye nini? Na sisi tunaotazama tufanye nini? Jawabu ninalo kiasi, kwa kuwa safari hii aliyekosea nilikuwa mimi, na nakumbuka vizuri ni nini kilichonifanya nishikilie msimamo na ni nini kilichonilegeza.

Kisa kilianza na tangi la maji la msikiti. Mtaa ulichanga, tangi likanunuliwa, miezi mitatu ikapita na hesabu hazijatolewa. Mzee akatuma sauti ya dakika sita, na ndani yake akamwita mweka hazina mwizi wa mali ya wakfu. Kanuni zetu zimeandikwa pale juu kwenye maelezo ya kundi: hakuna matusi, hakuna siasa, biashara Ijumaa pekee. Nikamtoa. Sikumpigia simu, sikumuonya, sikuwauliza wasimamizi wenzangu wawili. Na kulikuwa na jambo ambalo kundi zima lilikuwa linalijua, mimi nikajifanya halipo: mweka hazina ni binamu yangu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Uamuzi kama ule una mambo matatu ndani yake, na watu huyachanganya wakati wa kuteta. Kuna kama kanuni ilivunjwa. Kuna kama adhabu ilikuwa na kipimo. Kuna kama aliyeamua alifaa kuamua. Kwa la kwanza nilikuwa na hoja: kumwita mtu mwizi mbele ya watu mia tatu, bila ushahidi, ni kumvunjia heshima. Kwa mawili yaliyobaki sikuwa na pa kusimama. Tangu 2022 msimamizi wa kundi la WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine usionekane na yeyote, na kundi likaona kuwa msimamizi ameufuta. Ningeifuta sauti ile, nikamwandikia mzee faraghani, mambo yakaishia hapo. Badala yake nilichukua adhabu kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, kwa faida ya jamaa yangu.

Mtu anayelalamika akisema tu "nimeonewa", msimamizi atajibu lile ambalo ana jawabu lake. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa siku kadhaa. Kila aliyeniuliza nilimjibu: "Alitukana." Na ni kweli alitukana.

Wengi walinipa nafasi ya kujibu hivyo. Kama watu kumi waliondoka kundini kwa hasira, na kwa kuwa siku hizi mtu akiondoka wanaojulishwa ni wasimamizi peke yao, mgomo wao haukuonekana na mtu. Kijana mmoja alijaza neno "HAKI" usiku kucha, hata waliokuwa wakimuunga mkono mzee wakazima mlio wa kundi. Mwingine akafungua kundi jipya akaliita la asili. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu tanzia ikitumwa huku, kule haifiki. Mtaa mmoja, msikiti mmoja, lakini ukitaka kujua nani amefariki yakupasa kuwa katika makundi mawili.

Aliyenitikisa kwanza ni binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliniandikia faraghani, maneno machache: "Kaka, samahani. Mzee angeandika swali lake la hesabu bila lile neno, ungemtoa?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Hakunishtaki, wala hakumtetea mzee kwa lile alilokosea. Na kwa kuwa aliuliza pembeni, sikuwa na watu wa kuwaonyesha kuwa sishindwi. Sisi watu wa pwani twajua hili katika mambo ya nyumbani: mtu mzima hasemeshwi mbele ya kadamnasi ukitaka akusikie. Kwenye simu twasahau.

Faragha nayo ina hatari yake, maana msimamizi asiyetaka kusumbuliwa anaweza kukunyamazia hadi kesho kutwa. Kwa hivyo mpe muda, siku mbili tatu. Asipojibu, nenda kwa msimamizi mwingine, kwa sababu yeyote kati yao anaweza kumrudisha mtu. Hapo pia pakifungwa, uliza mbele ya wote, na uulize kuhusu utaratibu: kanuni ipi ilivunjwa, wasimamizi walishauriana, mtu anarudi vipi. Maswali hayo hayamchafui mtu, na asiyeyajibu kundi litamuona. Kupigania kumvua usimamizi aliyeanzisha kundi ni kupoteza nguvu, kwa kuwa WhatsApp hairuhusu aondolewe maadamu yumo ndani. Wa aina hiyo husemwa na wazee, si na simu.

Kwa aliyetolewa mwenyewe, kuna jambo la kufanya kabla ya lolote: usifute mazungumzo kwa hasira. Ukishatolewa hupati mapya, lakini ya zamani yanabaki kwenye simu yako, pamoja na mstari unaoonyesha nani alikutoa. Piga picha za skrini, au uyatume mazungumzo yote kwa barua pepe yako. Baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa na hadithi yake ya nani alisema nini. Na usihangaike na linki ya kundi. Aliyetolewa na msimamizi haingii tena kwa linki, lazima arudishwe.

Nitasema neno moja kuwatetea wasimamizi wenzangu. Tuna woga, na una sababu. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano na tume ya NCIC zilitoa mwongozo uliomtwika msimamizi jukumu la kudhibiti yanayosemwa kwenye ukurasa au kundi lake. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Wengi wetu hatukuisoma, tulisikia tu kuwa mtu anaweza kufungwa. Msimamizi mwenye hofu hutoa kwanza, akafikiri baadaye. Ukimwendea ukijua hilo, mazungumzo huwa mepesi.

Mzee mwenyewe alikuja barazani kwangu baada ya isha, siku tatu baada ya maziko. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi.

"Mwanangu, sikuja kugomba," akasema. "Neno lile la mwizi nalirudisha, sikuwa na ushahidi. Lakini nambie, kuuliza hesabu ni kosa? Na mimi nilihukumiwa na nani, na msimamizi au na jamaa yake mtuhumiwa?"

Sikuwa na la kusema. Akaongeza: "Kunirudisha usinirudishe, hiyo shauri yako. Lakini tanzia zinifike."

Angalia alivyofanya. Alianza kwa kukubali lake, akanipokonya jawabu langu la "alitukana". Akataja lile la binamu bila kulizungusha. Kisha akaomba kitu ambacho kilikuwa ndani ya uwezo wangu usiku ule ule. Wengi wetu huenda kudai msamaha mbele ya watu, na msimamizi ajiuzulu, na kundi livunjwe, halafu twashangaa kukosa vyote.

Baada ya hapo vijana wa mtaani wakaanza kuniletea kesi zao za mitandao mikubwa, kana kwamba kukosea kumenifanya kadhi. Huko mambo ni mengine. Aliyefuta chapisho lako haketi barazani, na mara nyingi si mtu, ni programu. Hata hivyo utaratibu wa mzee wafaa, ila utaukamilisha kwa maandishi na kwa tarehe.

Chukua Facebook na Instagram, ambazo ni za kampuni moja, Meta. Ujumbe wa kuondolewa chapisho hutaja kanuni. Isome hiyo kanuni, usisome hasira yako. Omba lipitiwe upya pale pale kwenye ujumbe. Ikiwa ni akaunti nzima iliyosimamishwa, una siku 180 za kukata rufaa, na zikipita bila wewe kufanya lolote inafungwa kabisa. Meta ikikataa rufaa yako, uliza kama umepewa nambari ya kupeleka shauri kwa Bodi ya Usimamizi, chombo kilichoundwa na Meta yenyewe lakini chenye wajumbe kutoka nje, akiwemo Maina Kiai wa hapa Kenya katika kundi la kwanza la 2020. Huko una siku 15 tu. Bodi huchukua kesi chache mno, lakini ikiamua chapisho lirudishwe, Meta hufungwa na uamuzi huo.

Je, kuna faida? Kwa watu wa dini na lugha yetu ipo, na mfano ni neno moja. Shahidi kwa Kiswahili ni yule anayesimama mahakamani, na pia aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kwa Kiarabu, mlikotoka neno lenyewe, lina maana nyingi vile vile. Meta ilikuwa ikifuta machapisho yaliyolitumia kumtaja yeyote aliye kwenye orodha yake ya watu hatari, bila kujali mwandishi alikuwa akisifu, akiripoti habari au akilaani. Kampuni yenyewe ilikiri kuwa hakuna neno jingine moja lililosababisha machapisho mengi zaidi kufutwa. Machi 2024 Bodi ilisema katazo hilo la jumla liondolewe, na miezi michache baadaye Meta ikakubali kulilegeza. Kabla yake, Mei 2021, Instagram ilificha machapisho yenye alama ya reli ya Al-Aqsa, msikiti wetu wa tatu kwa utukufu, kwa sababu jina lake lilifanana na la kundi la wapiganaji lililo kwenye orodha ya Marekani. Hilo pia lilirekebishwa baada ya watu kulalamika. Kwa hivyo unapoandika rufaa yako, eleza maana ya neno kwa lugha yetu na ulikusudia nini. Usidhani anayesoma anajua Kiswahili cha Mvita.

Tuna sheria pia hapa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi unaomuathiri kwa kiasi kikubwa, na haki ya kutaka uangaliwe upya. Mwenye duka lake la dera na mabuibui kwenye ukurasa uliofungwa, ambaye ndiyo riziki yake, ana la kumwandikia Kamishna wa Data, na malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa katika siku 90. Na asikutishe mtu kuwa kampuni za nje haziguswi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, katika kesi za waliokuwa wakichuja machapisho yake Nairobi.

Ila tahadhari na wale wanaojitokeza ukishafungiwa, wakisema wana mtu ndani na atakurudishia akaunti kwa elfu mbili za M-Pesa. Wakikuomba ile nambari ya tarakimu sita iliyotumwa kwenye simu yako, ujue sasa wanakuja kuiba na kile kilichobaki.

Mzee alirudishwa kundini usiku ule ule, kabla hajamaliza kahawa. Asubuhi niliandika kwa wote kuwa nilimtoa bila kushauriana, na kwamba jambo lolote linalomhusu binamu yangu wataliamua wenzangu wawili. Tukaandika pia kuwa aliyetolewa atajulishwa tanzia kwa simu ya kawaida, na nani mwenye kazi hiyo. Kundi la asili bado lipo, na tumekubaliana tanzia zitumwe kote kuwili.

Ujumbe wa kwanza wa mzee aliporudi ulikuwa wa maandishi, mistari miwili, akiuliza hesabu za tangi. Zilibandikwa Ijumaa iliyofuata. Risiti mbili hazionekani, ya mafundi na ya mabomba, na binamu yangu bado anazitafuta.