Je, Wajua? Kidonge Hakiingii Tumboni Peke Yake

Mama anayeuza ndagala sokoni Baraka, huku kwetu Fizi, haendi hospitali kwa sababu ya kichwa kinachogonga. Jua likimzidi humwita kijana wa dawa. Kijana hutoa mkasi, hukata vidonge viwili kutoka kwenye pakiti, hupokea faranga zake, na biashara imekwisha. Karatasi ya daktari haipo, wala swali kama mama amekula. Swali hilo ningependa sana liulizwe, maana dawa ikifika tumboni ama hukuta chakula ama hukuta njaa, na mambo hayawi sawa.

Je, wajua kwamba aspirini inaweza kukupunguzia damu bila wewe kuona hata tone? Ukuta wa tumbo hulindwa na ute, na aspirini huzuia kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoufanya ute huo utoke. Anayeimeza kila siku kwa dozi ya maumivu huweza kupoteza mililita chache za damu kwa siku, nazo hupita na choo kimyakimya. Piga hesabu. Mililita 1 ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya madini ya chuma, na mtu mzima hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka katika chakula chake chote. Mililita 4 zikivuja, chuma cha siku nzima kimekwenda. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huumiza ukuta huo huo.

Hapo ndipo sombe yetu, yaani majani ya muhogo, inapoingia. Ina chuma, lakini chuma cha majani ni kigumu kufyonzwa. Ukiipika na ndagala, nyama ya samaki huusaidia utumbo kukipokea, na ndimu ikikamuliwa sahani ikiwa tayari mezani husaidia pia. Chai nzito mara tu baada ya kula hukizuia. Wazee wa Fizi waliochanganya sombe na samaki hawakuwa na maabara, lakini walipatia.

Je, wajua kwamba parasetamo na muhogo hutegemea akiba moja mwilini? Ini likishughulikia parasetamo, sehemu ndogo yake hugeuka sumu, na sumu hiyo huzimwa na glutathioni, ambayo mwili huitengeneza kwa sisteini, asidi amino yenye salfa. Sasa tazama bugali wa muhogo. Muhogo mchungu una sianidi, na usipolowekwa siku za kutosha sianidi hubaki kwenye unga. Mwili nao huiondoa kwa kutumia salfa ya asidi amino hizo hizo. Anayekula bugali asubuhi na jioni bila samaki wala maharage, kisha akameza parasetamo kila mgongo ukiuma, analipa madeni mawili kwa mfuko mmoja. Ndagala wachache sahanini huujaza mfuko huo.

Deni la sianidi likizidi sana huja konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo, na jina lenyewe ni la Kiyaka, likimaanisha miguu iliyofungwa. Parasetamo haileti konzo, hilo lieleweke. Ila ini la mtu aliyeshinda njaa siku nyingi lina ngao nyembamba, na watoto wenye bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba miguu unaojulikana Kivu nzima, wana glutathioni kidogo mno. Kwa hiyo naumia nikisikia mtoto aliyekonda amepewa "nusu ya kidonge cha baba". Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Aliyedhoofika anahitaji pungufu ya hapo.

Dawa za kiungulia nazo zina yao. Zenye alumini hukamata fosfeti ndani ya utumbo, na kwa matumizi ya muda mrefu mifupa hudhoofika. Omeprazoli hupunguza asidi inayotoa vitamini B12 kutoka kwenye samaki na nyama. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu hufika polepole, mgonjwa akiwa amekwisha kusahau alianza lini. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za aina hiyo zinaweza pia kushusha magnesi mwilini. Si dawa za kiungulia tu: tetra, yaani antibiotiki ya tetrasaiklini, ambayo huuzwa kama pipi ingawa haikupaswa, ikikutana na maziwa au kidonge cha chuma hushikana nacho, na vyote viwili hupungua nguvu.

Wajawazito wa kwetu wanahitaji kujua hili zaidi ya wote: dawa ya kuzuia malaria wanayopewa kliniki, sulfadoksini-pirimethamini, huua kijidudu kwa kukinyima folati. Kidonge cha asidi foliki cha miligramu 5, kile kinachonunuliwa dukani "kuongeza damu", kinaweza kuivuruga kazi hiyo. Kiasi kinachopendekezwa ni miligramu 0.4. Sombe waendelee kuila, folati yake haina kosa.

Na je, wajua kwamba kuna kidonge cha dukani kinachookoa chuma badala ya kukipoteza? Minyoo ya safura ya aina ya Necator ikifika 100 tumboni hunywa karibu mililita 3 za damu kwa siku, kiasi kinachokaribiana na uvujaji wa aspirini tuliouhesabu. Dozi moja ya albendazoli, miligramu 400, huiondoa mingi kati yake. Kuanzia hapo, chuma cha sombe na ndagala kinabaki kwa mwenyewe aliyeila.