Alama Kumi au Mbili? Namna ya Kuipima Episodi ya Tamthilia



Likizo iliyopita tulikutana watu sita katika nyumba moja ya Mlandege, mjini Iringa: mafrateri watatu, vijana wawili wa VIWAWA, na mama mwenye nyumba. Kijana mmoja alikuja na flashi yenye Star Trek, tamthilia ya zamani ya Marekani inayohusu safari za angani. Tukapanga kutazama episodi mbili wakati ugali unapikwa, kisha kila mtu aandike alama yake kwenye karatasi, kuanzia moja hadi kumi, bila kuchungulia ya jirani.

Tulidhani ni mchezo tu. Ugali ulipoa mezani tukiwa bado tunabishana, na jioni ile ilitufundisha jambo ambalo tumeona vema tuwashirikishe: alama ni jibu, na kabla ya kugombana juu ya majibu inafaa tujue kila mmoja alikuwa anajibu swali gani.

Tamthilia yenyewe

Star Trek ilibuniwa na Gene Roddenberry, ikaanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Iliendelea kwa misimu 3 hadi Juni 1969, jumla ya episodi 79. Inasimulia chombo cha anga kiitwacho Enterprise, katika karne ya 23. Nahodha wake ni Kirk, msaidizi wake ni Spock, na daktari wao ni McCoy.

Sisi Waswahili tuna haki ndogo ndani yake. Ofisa wa mawasiliano ni mwanamke Mwafrika anayeitwa Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina hilo limetokana na neno letu "uhuru". Katika "The Man Trap", episodi ya kwanza kabisa kurushwa, mgeni wa ajabu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili, ingawa kwa matamshi ambayo sokoni Mlandege yangechekwa. Mwaka ule hapa kwetu hakuna aliyeweza kuiona sebuleni, kwa sababu vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Watu wa Iringa wameifikia kwa njia ya DVD, flashi na bando.

Mashabiki wa tamthilia hii wamekuwa wabishi tangu mwanzo. Ilipokaribia kufutwa, waliandika maelfu ya barua, na mwaka 1968 kampuni ya NBC ikatangaza kwamba msimu wa tatu utakuwepo. Msimu huo ulipofunguliwa kwa episodi ya "Spock's Brain", yaani ubongo wa Spock kuibwa, mashabiki waliiona dhaifu kiasi kwamba hadi leo wengi huitaja miongoni mwa mbovu kuliko zote. Walioipigania tamthilia ndio walioihukumu kwa ukali. Mtu anayependa kitu hukipima kwa makini.

Wastani unavyoficha

Episodi yetu ya kwanza ilikuwa "The Trouble with Tribbles". Viumbe wadogo wa mviringo wenye manyoya wanaingia kwenye chombo, wanazaliana kwa kasi ya kutisha, na mwishowe wanakutwa wamejaa ndani ya ghala la nafaka. Mama alicheka sana. "Hawa ni dumuzi tu," alisema, "tofauti wamevaa manyoya." Mtu aliyewahi kufungua kihenge na kukuta mahindi yamekuwa unga wa dumuzi haihitaji tafsiri. Karatasi zilipokusanywa alama zilikuwa 7, 6, 6, 6, 6 na 5. Jumla 36, wastani 6.

Ya pili ilikuwa "The City on the Edge of Forever", yaani mji ulio ukingoni mwa milele, iliyorushwa tarehe 6 Aprili 1967. Alama zilikuwa 10, 9, 8, 4, 3 na 2. Jumla 36, wastani 6.

Tazameni hapo. Kwa hesabu, episodi hizo mbili zinalingana. Kwa kweli, ya kwanza tuliifurahia tukaisahau, na ya pili ilitugawa makundi mawili. Wastani ni chombo kizuri cha kujua watu wengi wameelekea wapi, lakini hauonyeshi ugomvi. Na mara nyingi penye ugomvi ndipo penye jambo la kujifunza. Tukaacha kujumlisha, tukaanza kuulizana sababu.

Kilichotokea kwa Edith

Kwa ambao hawajaitazama, hadithi ni hii. Daktari McCoy anajichoma kwa bahati mbaya dawa nyingi kupita kiasi, anachanganyikiwa, anakimbilia kwenye lango la kale linalompeleka mtu nyakati zilizopita. Huko anabadili jambo fulani, na papo hapo Enterprise inatoweka kana kwamba haikuwahi kuundwa. Kirk na Spock wanamfuata ili kurekebisha. Wanajikuta New York mwaka 1930, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi.

Pale wanapokelewa na Edith Keeler, aliyeigizwa na Joan Collins. Ni mwanamke mwema, anaendesha nyumba ya kuwapa maskini supu na mahali pa kujisitiri. Kirk anampenda. Kisha Spock anagundua ukweli: Edith alitakiwa kufa kwa ajali ya gari. Akiokolewa, ataanzisha harakati kubwa ya amani itakayoichelewesha Marekani kuingia vitani, Ujerumani ya Hitler itashinda, na mamilioni watakufa. Mwishoni Edith anavuka barabara, gari linakuja, McCoy anaruka kumwokoa. Kirk anamkamata McCoy na kumzuia. Edith anakufa.

Kwa nini alama zilitofautiana

Aliyetoa 3, kijana wa VIWAWA, alisema mawe yanaonekana wazi kuwa ya bandia na hakuna mapigano ya maana. Mwenzake aliyetoa 8 alisema hadithi imemfanya afikiri. Frateri aliyetoa 9 alisifu uigizaji. Frateri wa pili alitoa 4 kwa sababu, alisema, Kirk ametenda dhambi na tamthilia imemfanya shujaa. Frateri wa tatu, mwenye 10, alijibu kwamba hesabu iko wazi: mmoja kwa ajili ya mamilioni.

Kumbe hatukuwa tunabishana juu ya kitu kimoja. Kulikuwa na maswali matatu mezani. La kwanza: kazi hii imetengenezwa vizuri? La pili: inasema nini juu ya mema na mabaya? La tatu: imenifanyia nini mimi niliyeitazama? Mtu anaweza kutoa 9 kwa la kwanza na 4 kwa la pili bila kujipinga. Akichanganya yote katika tarakimu moja, mwenzake hawezi kujua anapinga nini.

Kanisa nalo limepima

Wengine watauliza kama mambo haya yanawahusu waseminari. Kanisa limeyashughulikia kwa muda mrefu. Mwaka 1936 Papa Pius XI, katika waraka Vigilanti Cura, aliwahimiza maaskofu wawe na utaratibu wa kuzichunguza filamu na kuwaarifu waamini. Huko Marekani Wakatoliki walikuwa na chama kilichozipanga filamu kwa herufi: A kwa isiyo na shida, B kwa yenye sehemu za kulaumiwa, C kwa iliyokataliwa. Herufi hizo zilijibu hasa swali la pili. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni.

Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, inafundisha kwamba sanaa haiwezi kujiweka juu ya maadili. Lakini inakiri pia kwamba kuonyesha uovu kunaweza kutusaidia kumfahamu binadamu kwa undani, mradi uovu usipambwe. Tena hati hiyo inampa mtazamaji wajibu: achague, na aelewe anachokichagua. Yaani swali la tatu limo.

Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 katika makundi matatu: dini, maadili na sanaa. Katika kundi la sanaa zimo filamu mbili za kubuni za kisayansi: Metropolis ya mwaka 1927 na 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Makundi hayo matatu yanatukumbusha kwamba filamu haipimwi kwa kipimo kimoja.

Je, Kirk alifanya sawa?

Tukalirudia swali la pili kwa utaratibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1756, inafundisha kwamba hairuhusiwi kutenda uovu ili wema upatikane. Mwenye 10 alijitetea: Kirk hakumuua Edith, gari ndilo lililomuua. Akaleta fundisho la tendo lenye matokeo mawili, ambalo wanateolojia hulianzia kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino na maelezo yake juu ya kujilinda: mtu anakusudia wema, na ubaya unafuata bila yeye kuukusudia.

Mwenye 4 akamjibu vizuri. Fundisho hilo lina sharti: ubaya usiwe ndiyo njia ya kuupata ule wema. Hapa kifo cha Edith ndiyo njia yenyewe. Kirk hakushindwa tu kumwokoa. Alimshika mkono aliyekuwa anamwokoa, na alimshika ili afe. Kisha akatukumbusha mtu mwingine aliyepiga hesabu ya mmoja kwa ajili ya wengi: Kayafa, kuhani mkuu, katika Injili ya Yohane, sura ya 11.

Tukanyamaza kidogo. Ndipo tulipokumbuka kwamba mwenye 2 hajasema. Alikuwa mama.

"Nyie mafrateri mmesoma," alisema. "Mimi nitasema ninalolijua. Mwaka ule baba alikuwa na ada ya watoto wawili, na sisi tulikuwa watatu. Kaka zangu wakaenda shule. Mimi nikapandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kaka zangu wamesoma, wamewasaidia wazazi, nami wamenisaidia, sikatai. Baba hakuwa mtu mbaya. Lakini hakuna aliyeniuliza. Na huyu dada naye, mmeona? Wanakaa naye, wanakula supu yake, wanajua kila kitu, na hakuna aliyemwuliza."

Ni kweli. Katika episodi nzima Edith haambiwi. Sisi watu watano, watatu tukiwa wanafunzi wa seminari, tulitazama, tukapima, tukajadili, na hatukuliona hilo. Aliliona aliyewahi kuwa upande ule wa hesabu.

Na hapo ndipo Kayafa na Kristo wanapotengana. Kayafa alimtoa mwingine. Bwana wetu alijitoa mwenyewe, kwa hiari, akijua. Sadaka ya mtu ni yake kuitoa. Tukimtoa bila kumwuliza, hata kwa sababu nzuri, hatuwezi kuiita sadaka yake.

Tulimwuliza mama kama angebadili alama yake. "Kwa uigizaji wape nane," alisema. "Yule nahodha mwishoni ameumia kweli, hawakuficha. Lakini kwa walichomfanyia yule dada, mbili yangu ibaki." Bila kuisoma Inter Mirifica, mama alikuwa ametenganisha kazi na tendo: alilikataa tendo, akaiheshimu kazi iliyolionyesha bila kulipamba.

Tufanyeje tunapotazama pamoja

Kwa vijana wa VIWAWA na TYCS, kwa familia, na hata kwa jumuiya ndogo ndogo zinazotazama pamoja, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, andikeni alama kabla ya kuzungumza, ili mwenye sauti kubwa asiwavute wengine.

Pili, toeni alama tatu: ya utengenezaji, ya ujumbe, na ya kile ambacho mtazamaji ameondoka nacho. Msizijumlishe.

Tatu, anzeni na aliyetoa alama ya chini kuliko wote. Sisi tulimwacha mwisho, na nusura tule tukaondoka bila kumsikia.

Nne, ulizeni: katika hadithi hii, ni nani ambaye hakuulizwa? Kisha ulizeni swali hilohilo juu ya nyumba zenu.

Kwetu mafrateri somo hili lina uzito wa pekee. Mungu akipenda, siku moja watu watatuletea mambo yao ya kweli na kutuomba tuseme lipi ni jema na lipi ni baya. Kanuni tutakuwa nazo; ndiyo maana tunasoma. Frateri aliyetoa 10 aliondoka Mlandege usiku ule na karatasi yake mfukoni. Hakuibadili namba. Nyuma yake aliandika neno moja, "Muulize", na karatasi hiyo sasa anaitumia kama alama ya kusomea katika kitabu chake cha teolojia ya maadili.