Turubai, Dumu na Bati: Ya Kambini, Kweli na Uongo

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Kambarage, Shinyanga, siku ambayo uvumi wa rashi mpya ya dhahabu umeingia mjini, uone nani ananunua. Si mafundi. Ni vijana watatu wenye mabegi mgongoni, wanapimiwa nailoni nyeusi kwa mita, kamba ya plastiki, turubai la bluu, dumu moja na misumari ya kugawana. Mahema ya kukunjwa yenye zipu wameyaona kwenye picha za watalii. Wao watalala Geita au Kahama mwezi mzima, pengine mitatu, chini ya vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya msingi wa nyumba.

Siwacheki. Vitu hivyo ni bei rahisi, vinabebeka, na vingi vinafanya kazi kuliko mtu anavyodhani. Kinachonishinda ni maelezo yanayotolewa bure pamoja navyo. Muuzaji ana lake, mteja wa nyuma ana lake, na babu aliyekalia mfuko wa saruji pale mlangoni ana matatu. Umeshayasikia. Pengine umeshayasema. Haya, tuyapime.

"Nailoni za siku hizi ni feki, zinavuja usiku hata bila mvua"

Uongo. Hayo maji umeyatoa wewe mwenyewe.

Niliwahi kulala Nyarugusu na wachimbaji wanne chini ya nailoni ile nyeusi ambayo fundi huitandika kabla ya kumwaga zege la jamvi. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota. Saa kumi alfajiri tone la kwanza likanidondokea kwenye paji la uso, la pili sikioni, na mwenzangu wa kulia akaamka akimlaani muuzaji na ukoo wake. Nikapitisha kiganja juu kwa ndani: maji tele, kama ukuta wa bafu. Nikatoka nje nikapapasa kwa juu, nako kulikuwa na umande kidogo tu.

Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na kwa ngozi, glasi nzima au zaidi. Watano tukilala pamoja, hiyo ni zaidi ya lita moja inayotafuta pa kwenda. Nailoni hupoa haraka usiku usio na mawingu, mvuke unaigusa, unageuka maji. Ndicho kinachotokea kwenye mfuniko wa sufuria ya wali.

Kama huamini, fanya jaribio la ndoo: mchana, mwenzako amwage ndoo ya maji juu ya nailoni wewe ukiwa ndani. Isipodondosha tone, muuzaji hana kosa. Dawa yake ni kuacha mwanya juu pande zote mbili ili upepo upite, na kutundika shuka au khanga kuukuu chini ya nailoni linyonye matone. Wengi hufanya kinyume: wakiona maji, wanaziba kila tundu. Kesho yake wanaamka wamelowa zaidi, na muuzaji anatukanwa tena.

"Funga vizuri, weka jiko la mkaa ndani, acha upenyo mdogo tu"

Uongo, na huu unaua.

Mkaa unaowaka bila moshi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki kukohoa. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakolea, basi. Upenyo wa ngumi hautoshi. Jiko likae nje, hata kama ni Julai na kibaridi kimekaza.

"Dumu likioshwa kwa sabuni na mchanga, halina tena sumu"

Uongo. Hapa sina utani.

Dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, sawa: maji ya moto, sabuni, kazi imekwisha. Ila huku kwetu kuna madumu ya aina nyingine. Kuna ya dawa ya kupulizia pamba, maana Shinyanga na Geita ni mikoa ya pamba hata kama dhahabu imeiba sifa. Na kuna mapipa yanayotoka kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, yaliyokuja yamebeba sianidi. Yanapendwa kwa sababu ni magumu, yana mfuniko mzuri, na mtu anayauza kwa bei ya kutupa.

Plastiki si kioo. Dawa ya wadudu huingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka pole pole kwenye maji utakayoweka mwezi ujao. Ndiyo maana wataalamu wa viuatilifu wanaelekeza chombo kisuuzwe mara tatu kisha kitobolewe. Watu wanaishika ile "mara tatu" na kuiacha "kitobolewe". Kusuuza kule ni kwa ajili ya kukitupa salama, hakukigeuzi kuwa mtungi. Ukikuta dumu lina tundu chini, usitafute gundi. Aliyelitoboa alijua alichokuwa anafanya.

Ndugu yake dumu ni kikaango. Utasikia, "Tulichomea dhahabu hapa jana, nimekisugua, tukaange mayai." Uongo mtupu. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, ila haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke. Hata kwenye joto la kawaida la chumba inatoka. Inajificha kwenye mikwaruzo ya chombo, kwenye masizi, kwenye udongo wa pale mlipochomea. Ukikiweka jikoni, unaipa nafasi ya pili. Kikaango cha dhahabu kibaki cha dhahabu, na kuchoma kufanyike mbali na mnapolala na kupika.

Tena hapa duka la vifaa vya ujenzi lina heshima yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 mradi wa kimataifa wa zebaki chini ya UNIDO ulifika Rwamagasa, Geita, na kati ya mambo yaliyofundishwa ni matumizi ya ritoti, kifaa kinachofungia mvuke wa zebaki na kuupoza urudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Ritoti ya namna hiyo huweza kuungwa kwa vipande vya bomba la chuma la maji, vilevile ambavyo fundi bomba ananunua kaunta. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema kinga ni vifaa ghali vya wazungu, mwonyeshe rafu ya mabomba.

"Maji ya chupa yakianikwa juu ya bati siku nzima yanakuwa salama"

Kweli, kwa masharti.

Ukiona chupa zimelazwa juu ya bati la kibanda usidhani ni uchafu. Njia hii ilifanyiwa majaribio Beirut, Lebanoni, na mtafiti Aftim Acra, na baadaye taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, ikaisambaza duniani. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, iliyojaa maji maangavu, ilazwe juani kwa muda wa saa sita. Mawingu yakiwa mengi, siku mbili. Mionzi ya jua na joto huua vijidudu vya kuharisha, na bati linasaidia kwa kupasha moto kutoka chini.

Masharti sasa. Dumu la njano halipitishi mionzi hiyo, usijidanganye. Maji ya tope hayafai mpaka yatulizwe kwanza, na hapo wazee wanapata alama zao: unga wa mbegu za mlonge, au shabu, hukusanya tope likazama chini, ni kweli kabisa. Ila maji kuwa meupe si maji kuwa salama. Mlonge unapunguza vijidudu, haumalizi. Yaanike au yachemshe baada ya hapo. Na jua halitoi zebaki, sianidi wala arseniki, na kuchemsha nako hakutoi. Maji ya karibu na sehemu ya kuchenjulia yaache hata kama yanametameta.

"Bati linavuta radi, vaa katambuga uwe salama"

Uongo mara mbili.

Hofu yenyewe ina sababu. Bonde la Ziwa Victoria ni moja ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita shuleni mjini Geita. Kila baada ya msiba kama huo maneno yanafuatana: imetumwa na mtu, imevutwa na kioo, imevutwa na bati. Wapo wanaong'oa bati na kurudisha nyasi.

Radi haitafuti chuma. Inatafuta njia fupi ya kufika ardhini, kwa hiyo hupenda kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti uwanjani, mlingoti, mtu aliyesimama juu ya kifusi. Kibanda cha nyasi kilimani kinapigwa kama cha bati, tena cha nyasi kinawaka. Tatizo la kibanda cha bati ni lingine: bati limekaa juu ya miti mikavu, halina waya wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukifika pale juu hutafuta pa kushukia, na aliyeegemea nguzo ndiye anakuwa ngazi. Hema la turubai nalo halina kinga yoyote, na ukilisimamisha kwa nondo ndefu mahali palipoinuka, umejitafutia.

Na katambuga? Navipenda sana viatu hivi, tairi la gari limepata maisha ya pili na kwenye miiba ya Shinyanga hakuna kiatu kinachovizidi. Lakini umeme uliokwisha kuruka kilometa kadhaa za hewa hautazuiwa na sentimeta mbili za mpira. Watu husema gari linakinga kwa sababu ya matairi; hapana, ni bodi ya chuma inayoupitisha umeme pembeni yako hadi chini. Ndani ya gari lililofungwa, basi, ni pazuri. Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kama kilometa moja. Chini ya sekunde 30, ondoka kilimani, toka chini ya mti, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

"Zungushia oili chafu, nyoka hapiti"

Uongo. Kifutu na swila hawajasoma tangazo hilo.

Marekani walipowajaribu nyoka kwa naftalini na salfa, vitu vinavyouzwa kama kinga, nyoka walivuka tu. Oili chafu ina kazi yake: pakaa kwenye miguu ya nguzo, mchwa watapungua. Ukiimwaga kuzunguka hema unachafua udongo na maji ya mvua, na unajizungushia kitu kinachowaka.

Wanachosema wazee ni kweli: lala juu. Kitanda cha miti na kamba, chaga ya fito, hata turubai lililokazwa kwenye vigingi, chochote kinachokuinua kutoka chini. Fyeka nyasi, usilale na gunia la mahindi maana panya humwita nyoka. Na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro ni kinga mara mbili: utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa wanaolala ndani ya chandarua huumwa na nyoka kwa nadra zaidi. Ukizingatia malaria ya Kanda ya Ziwa, chandarua kiwe cha kwanza kuingia kwenye begi, kabla hata ya sururu.

"Mvua ikija, legeza kamba ya katani"

Kweli. Nyuzi za mkonge zikinywa maji huvimba kwa unene na kamba inafupika, ikikazwa sana itang'oa kigingi au kuchana turubai. Kamba ya nailoni hufanya kinyume, ikilowa inanyumbuka, ndiyo maana kitanda kilichosukwa nayo kwa pupa kinarudi kuwa teremka-tukaze baada ya mvua mbili. Ile ya plastiki ya rangi hainywi maji kabisa, adui yake ni jua. Ikianza kuacha unga mkononi, isitundike kitu unachokipenda.

"Turubai nene likitandikwa chini linatosha, baridi haipandi"

Uongo. Turubai linazuia unyevu, halizuii baridi. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia, na hewa hiyo imo kwenye nyasi kavu, kwenye maranda ya seremala, na kwenye boksi. Mfuko wa saruji wenye vumbi usiutandike: vumbi lile likikutana na jasho linaunguza ngozi.

Nililisema hilo kaunta juzi, yule kijana wa mwisho kwenye foleni akacheka. "Shikamoo mama," akamgeukia mwenye duka, "maboksi ya vigae yale ya nyuma, bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Chukua yote. Tena mwite mwenzako, namlipa mtu wa taka kila wiki kuyaondoa."

Wakayafunga kwa kamba ya katani, juu kabisa ya mzigo.