Sista Ana Wajibu Gani Kwako?

Leo sizungumzii ugonjwa. Nazungumza juu yetu sisi wauguzi: mambo gani haturuhusiwi kukufanyia, na yapi hatuwezi kukunyima.

Kuna sheria na kuna maadili. Sheria hupitishwa na Bunge, na anayeivunja hujibu mahakamani. Maadili ni kanuni za kazi yenyewe. Tunapohitimu tunakula kiapo chenye jina la Florence Nightingale, ingawa si yeye aliyekitunga. Kilitungwa Marekani mwaka 1893. Humo tunaahidi kutunza siri za wagonjwa. Muuguzi anayekiuka maadili anaweza kupoteza leseni.

Basi niwaambie kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mama mmoja mzee alikuja kliniki, akanisalimia vizuri, akauliza, "Binti yangu, hivi yule mke wa kijana wangu mnamdunga sindano ya kupanga uzazi?" Mimi nimelelewa kujibu wazee. Nikamwambia, "Ndiyo mama, atarudi mwezi ujao." Yule mke hakurudi. Hakuja kwa sindano, na hakumleta mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Nilipokutana naye baadaye sokoni alinipita kama hanijui. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini haikuwa haki yangu kukisema.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile mwenyewe akiruhusu kwa maandishi, mahakama ikiamuru, au kukiwa na hatari kubwa kwa afya ya umma. Kupima virusi vya ukimwi kuna sheria yake, ya mwaka 2006, nayo pia inalinda majibu yako. Mama mkwe si mahakama. Mwajiri si mahakama, wala mwenye nyumba. Siku hizi mzee akiniuliza hivyo namwambia kwa heshima, "Mama, hayo muulize yeye mwenyewe," halafu namkaribisha nimpime presha.

Jambo la pili ni idhini. Mama yuko katika uchungu, anasukumiwa fomu: "Weka sahihi hapa, unaenda kufanyiwa upasuaji." Wengi huweka kidole bila kuuliza, kwa sababu daktari ndiye anayejua. Ni kweli anajua, lakini mwili ni wako. Unastahili kuelezwa, kwa lugha unayoifahamu, unafanyiwa nini, kwa nini, kuna hatari gani, gharama ni ngapi, na itakuwaje ukikataa. Ndiyo, unaweza kukataa. Na kama unaambiwa kufunga kizazi wakati huohuo wa upasuaji, hilo ni jambo lingine kabisa na linahitaji idhini yake. Mtu akiwa hajitambui na kuchelewa kunaweza kumuua, hapo tunamwokoa kwanza. Kwa mtoto mdogo, mzazi au mlezi ndiye huulizwa, kwa hiyo usione haya kuuliza kuhusu kila sindano.

Dharura nayo isikutie hofu ya pesa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi hapa Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Sheria ya 2017 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kutoa huduma hiyo. Kwa hiyo mtoto akipatwa na degedege, mkimbize hospitali, usikae nyumbani ukichangisha.

Na je, umejifungua na huna pesa za bili? Wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni walikwenda Mahakama Kuu. Septemba 2015 jaji aliamua kwamba kuwazuilia ni kinyume cha sheria na Katiba, na wakapewa fidia. Deni linabaki kuwa deni, jamani, sisemi mtoroke. Hospitali inaweza kukudai kwa njia za halali. Kukufungia lango na mtoto mchanga si mojawapo, ingawa kuna wanaofanya hivyo bado.

Ukikosewa, anza na msimamizi wa zamu, maana mengi humalizika hapo. Andika tarehe, saa na jina lililo kwenye beji. Usiposikilizwa, malalamiko juu ya muuguzi yapelekwe Baraza la Wauguzi, ofisi zake ziko upande wa Ngong Road. Ya daktari yapelekwe Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Woodlands Road, karibu na Lenana Road. Nenda na kitabu cha kliniki na nakala ya fomu uliyoweka sahihi. Kama hukupewa nakala, iombe.

Tuonane wiki ijayo. Kwaherini.