Simamisho la Papo Hapo: Neno na Mipaka Yake

Sheria ya ufilisi ya Marekani ya mwaka 1978, katika kifungu cha 362, yaeleza jambo ambalo si jepesi kulitaja kwa Kiswahili. Mdeni akisha kuwasilisha ombi lake mahakamani, mara wadai wake hupaswa kuacha kumdai: wasifungue kesi, wasitekeleze hukumu waliyokwisha kuipata, wasikamate mali, wala wasimwandikie barua za kumtaka alipe. Haihitajiwi amri ya hakimu. Sheria yenyewe yatosha.

Mfasiri aweza kuvutwa kusema "zuio la moja kwa moja". Lakini "moja kwa moja" yaweza pia kufahamika kuwa ni daima, hali jambo lenyewe ni la muda. Na "zuio" katika mahakama zetu limezoeleka kwa amri itolewayo na hakimu. Kwa hiyo napendekeza "simamisho la papo hapo". Kilichosimamishwa hakikufutwa: deni li pale pale, hata mahakama itakapotoa msamaha.

Mipaka yake nayo yafaa ijulikane. Mashtaka ya jinai huendelea, na kadhalika mashauri ya kuweka kiasi cha matunzo ya watoto. Mdai ambaye dhamana yake haikulindwa ipasavyo aweza kuiomba mahakama imwondolee simamisho. Tena, mtu ambaye ombi lake moja lilitupwa katika mwaka uliotangulia, hupata siku 30 tu, isipokuwa mahakama iziongeze. Na yakiwa yametupwa mawili au zaidi, simamisho halianzi kabisa kwa ombi jipya.

Mwaka 2021, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la jiji la Chicago na Fulton, lililohusu magari yaliyokamatwa kabla ya wenyewe kuomba ufilisi. Iliamuliwa kwamba kuendelea tu kuyazuia hakuvunji fungu linalokataza kitendo cha kutawala mali ya ufilisi. Hapa twaona jinsi hukumu ilivyotegemea tofauti ya kutenda na kuwa katika hali. Kiswahili chaweza kuibainisha vema: "kukamata" ni tendo, "kushikilia" ni hali inayodumu. Mfasiri akiyachanganya maneno haya mawili, mdeni atadhani gari lake litarudi siku ile ile, naye atangoja bure.