Arosto si ukaidi: maneno tunayomwitia mgonjwa wetu

Darsa ya akina mama ilikuwa imekwisha na mikeka inakunjwa. Mama mmoja alisubiri wenziwe watoke, kisha akasogea na kuniuliza kwa sauti ya chini: “Ustadh, mwanangu huu ni mwezi wa nne ameacha unga. Kila asubuhi anakwenda hospitali ya Mwananyamala kunywa dawa. Shangazi yake anasema hakuacha kitu, amehama tu kutoka unga wa kijiweni kwenda unga wa serikali. Ramadhani inakuja, na dawa yenyewe hunywewa mchana. Atafunga vipi?”

Nilimwomba tuanze na maneno ya shangazi, kwani hayo ndiyo yaliyokuwa yakimrudisha kijana kijiweni. Maneno ya maradhi haya wengi wetu tumeyaokota mitaani au tumeyarithi kutoka kwenye matusi, na neno baya aghalabu humfikisha mgonjwa pabaya.

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya. Iko katika jamii moja na heroini, na hapo shangazi hakukosea. Tofauti yake ni kwamba hufanya kazi taratibu, hukaa mwilini kwa muda wa saa 24 au zaidi, na ikipimwa sawasawa haimleweshi mgonjwa, bali humwondolea maumivu na kiu ya unga. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji hutafuta kete mara tatu au nne kwa siku, hata ikibidi auze sufuria za mamake. Aliye kwenye methadoni hunywa dozi yake asubuhi akaenda kazini. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata, na Zanzibar nayo hutolewa. Hakuna anayelipa.

Neno la pili ni arosto, lililotoka vijiweni. Ni ugonjwa unaompata mraibu dawa inapomwisha mwilini. Kwa heroini huanza takriban saa nane hadi kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho: kupiga miayo, kutokwa na machozi na kamasi, malaika kusimama, tumbo kuendesha, kutapika, mifupa kuuma na usingizi kutoweka. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Kijana anayevunja mlango usiku ule hafanyi ukaidi. Hilo halihalalishi wizi wake, lakini linatueleza kwa nini viapo alivyoapa mbele ya msahafu mchana havikudumu hadi alfajiri.

Hapa pana jambo ambalo kila nyumba yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Wapo vijana wanaojikaza na kuacha unga mwezi mzima wa Ramadhani, na familia hufurahi. Katika siku hizo mwili husahau mazoea yake. Kiasi alichokuwa akikihimili mwezi wa Shaabani chaweza kumuua siku ya Idi, na hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka jela au nyumba ya upataji nafuu. Mkimkuta haamki, anakoroma kwa shida au anapumua kwa nadra, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu na mkimbize hospitali. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Waelezeni wahudumu alichotumia bila kuficha, kwani ipo dawa ya kumzindua iitwayo naloksoni. Aibu ya familia ingoje.

Pombe ina hukumu yake nyingine, na tusidanganyane, imo hata katika nyumba zetu. Arosto ya heroini hutesa sana lakini ni nadra kumuua mtu mwenye afya. Anayekunywa gongo kila siku kwa miaka, akifungiwa chumbani ghafla ili aache, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuanguka kama mwenye kifafa na kufa. Hali kadhalika aliyezoea vidonge vya usingizi kama Valium. Hawa wapelekwe kwa daktari kabla ya kuachishwa.

Kwa upande wa maradhi ya akili, lugha yetu imetupunja kidogo. Wazimu linatokana na mzimu, majununi linatokana na jini, na Mirembe, ambalo ni jina la hospitali, tumeligeuza tusi. Kwa hiyo dada asiyelala, asiyekula, aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili na anayeona heri afe, hatuna pa kumweka: kichaa si kichaa. Basi huambiwa imani yake ni dhaifu. Ugonjwa huo unaitwa sonona, na unatibika. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kwamba ipo huzuni yenye sababu ijulikanayo na ipo isiyo na sababu ya wazi, ambayo aliinasibisha na mwili wenyewe. Kisomo na vidonge havigombani. Anayekwambia uache kimoja ili kingine kifanye kazi, mwulize elimu hiyo ameitoa wapi.

Tukarejea kwenye funga. Nilimwambia yule mama kwamba mwanawe asipunguze wala asiruke dozi kwa uamuzi wake mwenyewe, aulize kliniki kama saa zinaweza kusogezwa, kisha jibu alipeleke kwa sheikh wake, maana aya ya 184 ya Suratul Baqarah imemzungumzia mgonjwa waziwazi. Nilimsihi aende na shangazi.

Walikwenda wote wawili. Kliniki ilisema saa haziwezi kubadilishwa, na sheikh akamjibu kijana kuwa yeye ni mgonjwa aliye katika tiba, ale na atalipa atakapopona. Shangazi siku hizi humwamsha alfajiri, wakishaswali humpa nauli ya daladala, na akimwona anajivuta humwambia, “Kanywe dawa yako, mwanangu, usichelewe.”